Barua kwa rafiki yangu wa Nakuru: usingoje choo cha soko kiishe kujengwa

Manyatta, Kisumu

Dada mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi wazima, ila joto limezidi. Nimefurahi kusikia wenzako wa sokoni wamekuteua uingie kamati ya kusimamia ujenzi wa choo. Umeniuliza uanzie wapi. Acha nikueleze yaliyotupata sisi, yasije yakawapata nanyi.

Choo chetu kilijengwa, kikapakwa rangi, kisha kikatiwa kufuli. Ukutani kuna kibao chenye jina la mradi, lakini pa kuandika gharama hapana kitu. Ukizunguka nyuma utaona bomba limeishia ukutani, halikuunganishwa na maji. Mkandarasi kalipwa. Kwenye vitabu mradi umekamilika, na akina mama wauza omena bado wanalipia choo cha mtu binafsi kila wanapobanwa. Linaniuma sana jambo hili. Ofisini wanachokimbilia ni pesa ziishe kabla ya Juni 30, mwaka wa fedha unapofungwa. Kama maji yamefika au la, hakuna anayeulizwa.

Kwa hiyo dai mchanganuo wa gharama sasa, kabla msingi haujachimbwa. Angalia mifuko ya saruji ni mingapi na kwa bei gani, na kama kuunganisha maji kumo. Kisha pita madukani ulinganishe. Unazikumbuka wilbaro 10 zilizonunuliwa na kaunti ya Bungoma, mwaka 2015, kila moja shilingi 109,320? Watu walipiga kelele kwa sababu bei ya wilbaro kila mtu anaijua. Bei ya mabomba na vali wanaijua wangapi? Hapo ndipo pesa zetu hupotelea bila kelele.

Wakikuzungusha, andika barua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya kupata habari ya 2016 inawapa siku 21 wakujibu. Beba nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo, la sivyo wataapa barua haikufika. Usimfokee karani wa mapokezi, si yeye anayeidhinisha malipo.

Tena soma ripoti za robo mwaka za Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o. Tafuta sehemu ya kaunti yenu, uone pesa zilizoenda kwa safari na zilizoenda kwa maendeleo. Sheria ya fedha za umma ya 2012 inataka maendeleo yapate angalau asilimia 30 ya bajeti. Fungu lenyewe ni dogo, halafu liishie kwenye choo chenye kufuli!

Jumanne tunakutana na mhandisi. Nitakuandikia atakachosema kuhusu lile bomba. Ukipata mchanganuo nitumie, tuna fundi bomba mzee hapa, mtu mwaminifu, atakusomea bei moja moja.

Wasalimie watoto na mama.

Ni mimi dada yako,
wa Manyatta