Pitieni picha kabla ya kikao cha leo
Wadau habari, kabla ya jioni pitieni zile picha za mwamba nilizotuma. Msidhani magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ikipita huko chini kilomita 30 inapita tu kama maji kwenye bomba, hapana, inapenya katikati ya chembe za madini ikiwa na maji yake, pairoksini (madini yasiyo na maji ndani) inaliwa pembeni inageuka honiblendi na bayotaiti (madini yenye maji ndani), na mwamba wenyewe unaanza kuyeyuka kiasi, maana maji yanashusha joto la kuyeyukia, granaiti yenye maji ya kutosha inaanza kwenye nyuzi 650 hivi, kavu inapita 900. Picha ya pili vuteni katikati, kiini cha pairoksini kimebaki peke yake kimezungukwa na honiblendi, na ule utando mwembamba wa felspa (madini ya rangi nyepesi) kwenye mipaka ya chembe ndo njia magma ilikopita, mi naona hii ndo picha kali kuliko zote. Mwenye sampuli zake aje nazo.