Kwa nini tunalaza siki kwenye choo chako usiku kucha

Lalamiko haliishi: sisi wasafishaji tunatoza safari mbili kwa choo kimoja, wakati kijana wa asidi anamaliza kwa dakika kumi kwa nusu ya bei. Kumaliza anamaliza. Lakini tazama baada ya muda: saruji nyeupe kati ya vigae imelika, uchafu umepata pa kulala, na koki zimeingia madoa kwa mvuke wa asidi. Kujaza saruji upya ni kazi ya fundi wa vigae, na bei yake inaishinda yetu kwa mbali.

Ule ukoko wa kahawia kwenye sinki la choo ni chokaa ya maji iliyoshikana na mkojo. Maji mengi ya visima huku Tanga hupita kwenye mawe ya chokaa, jamii ya yale ya mapango ya Amboni. Chokaa huyeyushwa hata na tindikali hafifu, mradi ipewe muda.

Funga koki ya tangi, vuta flashi, kisha chota maji yote hadi ukoko uwe wazi. Watu huruka hapa, wakamwaga siki juu ya maji, ikazimuka, wakasema haifanyi kazi. Lowesha vitambaa vya pamba kwa siki nyeupe ya asilimia 5, vibandike kwenye ukoko, hasa chini ya ukingo, uviache saa 8. Asubuhi ukoko unakuwa kama chaki iliyolowa; brashi ya plastiki inautoa. Palipobaki, rudia.

Usichanganye siki na magadi soda. Povu linavutia macho, lakini vinauana nguvu. Magadi ni ya mafuta ya jikoni: vijiko vikubwa 4 kwa lita 1 ya maji ya moto, dakika 15, kisha futa.

Terazo, ile sakafu ya saruji na vipande vya mawe iliyosuguliwa ikang'aa, ni habari nyingine. Inauma kuona sakafu ya miaka mingi imefifia kwa sababu ya siki au ndimu. Dondosha tone la ndimu kwenye kona iliyojificha: likitoa vipovu, lifute mara moja kwa maji, na sakafu hiyo uioshe kwa sabuni laini tu.

Jiki ikikutana na siki au asidi hutoa gesi ya klorini inayobana kifua, na vyoo vingi vina kidirisha kimoja tu. Kwa hiyo ukituita, tuambie kwanza kilichomwagwa humo, hata kama ni jiki kidogo ya jana.