Wanangu wa maofisini Dodoma, acheni kumezea

Wanangu mnaofanya kazi maofisini hapa Dodoma, leo naandika nimekereka kweli. Binti aliyepanga kwangu Kizota kaacha kazi. Hajafukuzwa, kaacha mwenyewe, sababu ya mwenzake wa meza ya jirani aliyekuwa anamkata kauli kila kikao na kumwita "katoto ka chuo" mbele ya wateja. Miezi minane! Na muda wote huo binti anafanya nini? Anaweka status. Mafumbo usiku kucha, mara "binadamu wabaya", mara kopa lililopasuka, asubuhi anapanda daladala anaenda kukaa na mtu yuleyule, mambo, poa.

Nimekaa masjala miaka 27, majungu nimeyasikia ya kutosha, sijaona fumbo lililomnyoosha mtu. Mwambie mwenyewe! Mwite pembeni saa ya chai, wawili tu, mtajie jambo lenyewe na siku yenyewe: "Juzi kwenye kikao ulinikatisha sijamaliza, imeniuma, naomba isijirudie." Basi. Ukianza na "wewe una dharau" umeshafungua ugomvi mwingine. Mimi kuna mwenzangu alikuwa faili likipotea tu ananisukumia mimi, nikamezea weee, siku nikalipuka mbele ya bosi nikatupa kitabu cha dispachi chini. Barua ya onyo alipewa nani? Mimi, na yeye akaonekana mpole.

Asiposikia andika tarehe na maneno aliyosema, nenda kwa supavaiza, kisha kwa watu wa rasilimali watu. Na ukikosea wewe, omba radhi.

Mwajiri akiambiwa akapuuza mpaka kazi ikawa haikaliki, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweza kukuhesabu umeachishwa hata kama barua umeandika wewe, ila CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, wanataka ufike ndani ya siku 30. Binti huyu mpangaji wangu kaja kuniambia mwezi wa tatu tangu aache kazi, hana hata karatasi moja mkononi.

Ila walioniuma zaidi ni nyie mliokaa naye chumba kimoja, watu sita, mnasikia, mnainamia simu. Misiba na harusi tunachangiana mpaka tunakopa, mwenzenu anadhalilishwa hapohapo mnakosa hata "jamani, mwacheni amalize"?

Jumamosi nimemsaidia kufunga godoro kwa kamba, kapanda basi kurudi kwao Kondoa. Namba yake mnayo. Mpigieni.