Rangi nitapaka, umeme namwachia fundi

Mhariri,

Naunga mkono wanaosema mwenye nyumba ajifunze kushika brashi. Chumba cha wanangu nilikipaka mwenyewe: nilikwangua rangi iliyobanduka, nikaziba nyufa, nikapiga msasa, nikapaka praima (rangi ya kwanza ya kushikilia ile ya juu) na kuiacha ikauke kabisa kabla ya rangi yenyewe. Kazi hasa iko kwenye kukwangua na msasa, na hapo ndipo fundi mwenye haraka huruka. Hata ikiharibika, unarudia tu.

Umeme ni habari nyingine. Jirani yangu (na ni msomi!) alichomeka jiko kwenye soketi aliyoiunga na waya wa taa, ule mwembamba wa milimita 1.5 za mraba. Jiko linavuta umeme mwingi, waya unapata moto ndani ya ukuta, na hakuna anayejua mpaka plastiki ianze kunuka. Ukuta unaobeba paa nao usibomolewe kabla mhandisi hajautazama.

Ila mafundi nao watuheshimu. Nalipa kwa hatua, na makubaliano yanaandikwa: kazi ipi, vifaa vya nani, inakwisha lini. Anayekataa kuandika simfungulii mlango.

Mwalimu mstaafu