Mnapoandika kuhusu konea, muulizie na machozi

Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya magonjwa ya konea, kile kioo cha mbele cha jicho, na nashukuru mmeigusa keratokonasi, ugonjwa wa konea kukonda na kuchomoza kama koni, maana wengi wetu wenye watoto wenye huo ugonjwa tulikuwa hatujawahi kuuona ukitajwa gazetini, ila kuna sentensi moja imenikaa kooni, ile iliyosema chanzo chake ni kurithi, mkaweka nukta mkaendelea na mambo mengine. Hapana jamani. Kurithi kumo, ni kweli, kuna familia unakuta ndugu wawili wanao, lakini wako wengi tu ambao ukiuliza ukoo mzima humpati mwingine mwenye nao, na watafiti wenyewe hilo swali hawajalifunga. Sehemu moja wanayotafuta majibu ni kwenye machozi, na nyie machozi hamkuyataja hata mara moja.

Mi ni mzazi tu, sio daktari. Kijana wangu alianza kufikicha macho akiwa na miaka 13, na sio kufikicha kwa kawaida, alikuwa anakunja kidole anakandamiza lile fundo kwenye kona ya jicho anasugua mpaka unasikia kamlio ka majimaji, alafu anatulia kama mtu aliyetua mzigo. Hospitali ya kwanza (siitaji) tukaambiwa ni aleji, akikua itaisha, tukapewa dawa ya matone tukarudi nyumbani. Miwani ikabadilishwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja na nusu, na kila mpya ilikuwa inafaa wiki chache tu. Siku moja usiku akaniambia taa ya barabarani ina mkia. Daktari wa pili ndo akampima kwa ile mashine inayochora ramani ya jicho kwa rangi, nikaona mwenyewe pale chini kidogo ya katikati pamekuwa pekundu, kioo cha jicho kimekonda pale na kimesukumwa mbele kama koni. Na konea nzima yenyewe, hata iliyo salama, katikati ina unene wa kama nusu milimita tu, sasa hapo mtu anapunguziwa nini tena?

Ni huyo daktari aliyenifungua macho kuhusu machozi. Alinieleza kwamba konea haina mishipa ya damu, oksijeni yake inaipata kutoka hewani kupitia machozi, kwa hiyo ukimtoa mtoto damu mkononi unaweza usione chochote wakati kwenye jicho mambo yanawaka. Machozi ndo yanayolala juu ya konea mchana kutwa, kinachotoka kwenye konea kinaingia humo. Na mle ndani sio maji na chumvi tu, zimeshahesabiwa protini zaidi ya 1,500. Zipo zinazojulikana siku nyingi kama laisozaimu inayoua bakteria, ambayo Alexander Fleming aliielezea mwaka 1922 kabla hata ya penisilini, ipo laktoferini, ipo lipokalini, zipo na kingamwili.

Sasa kwa wenye keratokonasi watafiti wamekuta vitu ambavyo kwangu vinatisha na vinatia moyo kwa wakati mmoja. Kuna vimeng'enya vya kundi linaloitwa MMP, kazi yao ni kukatakata nyuzi zinazoshikilia tishu kama kolajeni, na kolajeni ndo konea yenyewe ukiniuliza mimi, basi MMP-9 imeonekana imepanda kwenye machozi ya wagonjwa, pamoja na intaleukini-6 na TNF-alfa ambazo ni protini za mwili unapokuwa kwenye vita. Upande wa pili kuna kimeng'enya kinaitwa LOX, chenyewe kinafunga hizo nyuzi zishikane, na zipo tafiti zilizokuta nguvu yake imeshuka. Yaani mkataji kaongezeka na mfungaji kapungua. Na huu ndo ugonjwa ambao miaka yote vitabu viliuandika kwamba hauna inflamesheni, yaani ule mwako wa mwili unapopambana na madhara! Ni machozi yaliyofanya watu waanze kuliuliza upya hilo neno.

Ila nisiwe mtu wa kuvuka mipaka, maana najua mkiandika kwa pupa kesho mtaweka kichwa cha habari "chanzo cha keratokonasi chapatikana" na haitakuwa kweli. Protini ikipanda haimaanishi ndo iliyoleta ugonjwa, inawezekana ugonjwa ndo umeipandisha. Na kufikicha kwenyewe kunachanganya hesabu, kuna utafiti watu wasio na ugonjwa walifikicha macho kwa sekunde 60 tu na intaleukini-6, TNF-alfa na MMP-13 zikapanda kwenye machozi yao. Sekunde 60! Wangu alikuwa anafikicha kutwa, miaka miwili, na mimi nimekaa pembeni namwambia "acha bwana utaumiza macho" kama mtu anayemkataza mtoto kula kucha.

Halafu kuyachukua kwenyewe ni kazi. Jicho lina kama maikrolita 7 za machozi, hazifiki hata robo ya tone moja la dawa. Wanaweka kikaratasi chembamba kwenye kope ya chini au wanafyonza kwa kibomba cha kioo chembamba kama sindano, na wakimgusa vibaya jicho likashtuka linamwaga machozi mengine, yale ya kama umekata kitunguu, protini zinazimuliwa na kipimo kinaharibika. Kwa hiyo namba za maabara moja na nyingine hazilingani kirahisi, na hilo nalo wasomaji wana haki ya kuambiwa.

Kijana wangu alifanyiwa ile tiba ya matone ya vitamini B2 na mwanga wa UVA ili nyuzi za konea zikaze, imesimama ilipofika, lakini kilichoharibika hakikurudi, anavaa lenzi ngumu na darasani anakaa mbele.

Ombi langu mhariri, mkirudi tena kwenye hii mada mtafuteni mtafiti wa machozi mumuulize kitu kimoja: wale watoto wanaofikicha sana na aleji haiishi, ambao ramani ya konea bado iko sawa, je machozi yao yanachukuliwa sasa hivi na kutunzwa, ili baada ya miaka mitano tujue ni protini gani ilitangulia kabla koni haijatokea? Maana wagonjwa wengi wanapimwa wakati koni imeshatokea, kama huyu wangu.

Mzazi wa kijana mwenye keratokonasi