Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2022: Hukumu ya Malindi na Mzozo Wetu

Ndugu wanachama,

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na kwa asiyependa kusalimiwa kidini, hamjambo. Nimetoa salamu zote tatu kwa makusudi, maana mwaka huu tumefika pahali ambapo hata salamu ya mtu ilihesabiwa kuwa kura yake.

Shughuli za kawaida zilikwenda vyema. Mafunzo ya wasaidizi wa kisheria yalifanyika Kilifi na Mariakani, ada zinalipwa kwa kusuasua kama ilivyo ada, na hesabu mtasomewa na mhazini. Mimi nitazungumzia lile lililokaribia kutugawa: hukumu ya Mahakama Kuu ya Malindi ya mwezi Machi kuhusu utoaji mimba, na yale tuliyoambizana baada yake.

Wengi wetu tulibishana juu ya tulichokisikia redioni, hukumu yenyewe hatukuisoma. Kwa hiyo nivumilieni niisimulie. Msichana wa miaka 16, mwanafunzi wa hapa kwetu Kilifi, alishikwa na maumivu na kutokwa na damu akiwa mjamzito. Akaenda kliniki. Tabibu aliyempokea (ofisa wa kliniki, si daktari) akaona mimba imeshaharibika, akamhudumia. Polisi wakaingia humo humo chumbani, wakakatiza matibabu, wakawachukua wote wawili. Hayo yalitokea 2019. Binti alizuiliwa kituo cha polisi, na jamaa zake waliposhindwa na dhamana, akabaki rumande ya watoto kwa zaidi ya mwezi.

Jaji Reuben Nyakundi alifuta mashtaka yao. Alisema huduma ya utoaji mimba ni haki iliyomo katika Katiba, kwamba mazungumzo ya mgonjwa na mhudumu wake yanalindwa, na kwamba kuwakamata watu hivyo kiholela ni kuvunja sheria. Kisha akaliagiza Bunge litunge sheria inayooana na Katiba. Hakuna aliposema kila anayetaka atoe. Mwanachama aliyesimama mwezi Aprili akatuambia kuwa sasa "imekuwa ruhusa kama kununua panadoli" hakuwa ameisoma. Na yule aliyemjibu kwamba mjadala umekwisha, nadhani naye hakuisoma.

Mipaka imo katika Kifungu cha 26(4) cha Katiba: utoaji mimba hauruhusiwi, isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyehitimu, kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au ikiwa umeruhusiwa na sheria nyingine. Kifungu hicho hicho, mistari michache juu yake, kinasema uhai huanza mimba inapotungwa. Kila upande una sentensi yake mle ndani, na kila upande umeikariri ya kwake tu.

Wazee kati yetu wanakumbuka Agosti 4, 2010. Kijani ilikuwa Ndio, nyekundu La. Maaskofu Wakatoliki na makanisa mengi walipinga Katiba ile kwa sababu ya kifungu hiki na kwa sababu ya mahakama za Kadhi, na William Ruto, aliyeapishwa Septemba kuwa Rais wetu, ndiye aliyekuwa mstari wa mbele upande wa La. Ndio ikapata asilimia 67. Nayasema haya kwa sababu mwezi Juni, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoifuta hukumu ya Roe, iliyolinda utoaji mimba kwao, katika kesi ya Dobbs kutoka jimbo la Mississippi, simu zetu zilijaa ujumbe wa kutuambia kwamba sasa na Kenya lazima ifuate. Wamarekani walikuwa na haki iliyosomwa na majaji ndani ya Katiba yao mwaka 1973, na baada ya miaka 49 majaji wengine wakasema hawaioni humo, wakayarudishia majimbo uamuzi. Yetu imeandikwa, ikapigiwa kura. Anayetaka kuifuta ana njia yake, na njia hiyo inapita kwa wapiga kura. Sioni kwa nini tugombane huku kwetu Kaloleni kwa sababu ya kesi iliyotoka Mississippi.

Penye ugonjwa wetu hasa ni hapa. Katiba ilipopita, Kanuni ya Adhabu ilibaki kama ilivyokuwa tangu 1930: miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria, miaka saba kwa mwanamke mwenyewe, mitatu kwa anayetoa dawa au vifaa akijua vitatumiwaje. Wizara ya Afya ilitoa miongozo 2012 ya kuwaeleza wahudumu lini inafaa na lini haifai. Desemba 2013 ikaiondoa, na mapema 2014 ikaja barua ya kukataza hata kufundishwa jambo hilo. Mwaka huo huo wa 2014 muuguzi mmoja alihukumiwa kunyongwa baada ya mgonjwa wake kufa. Mahakama ya Rufaa ikamwachilia miaka mitatu baadaye. Mnaelewa basi kwa nini wenzetu wengi walianza kuwaambia wagonjwa "nenda mbele".

Aliyekwenda mbele alifika wapi? Utafiti wa Wizara yenyewe na washirika wake ulikadiria kwamba mwaka 2012 mimba 464,690 zilitolewa nchini, na wanawake karibu 120,000 wakatibiwa kwa madhara yake. Kuna binti aliyebakwa akiwa na miaka 14, akatolewa mimba na asiyejua kazi, figo zikaharibika, akafa 2018. Mamake aliendelea na kesi. Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu Nairobi walisema kuondolewa kwa miongozo kulivunja haki za wanawake, wakaamuru mama huyo alipwe shilingi milioni tatu. Kwa hiyo Malindi haikuzua jipya. Ilirudia, safari hii kwa sauti ya huku kwetu.

Wanachama wasio wahudumu wa afya waliniuliza mara nyingi: si mpime tu, mjue kama ametoa au imetoka yenyewe? Nitawajibu kama mtu aliyefanya kazi hiyo. Mama anaingia saa nne usiku, kanga imelowa, shinikizo la damu linashuka. Ndani ya tumbo la uzazi mna mabaki. Unayaondoa kwa pampu ya mkono, ile ya plastiki yenye bomba. Ikiwa imetoka yenyewe, ni pampu hiyo. Ikiwa amekunywa vidonge, ni pampu hiyo hiyo. Vidonge vyenyewe, misoprostoli, ndivyo tunavyompa aliyejifungua salama ili asivuje damu. Mara nyingi hakuna alama itakayokuonyesha ni ipi. Ukikamata pampu ukaifanya kielelezo mahakamani, umewanyima pia wale ambao mimba zimewaharibikia na walikuwa wanalilia mtoto. Hao nimewahudumia wengi kuliko wale wengine.

Sasa mkutano wetu wa Mei. Hoja mbili ziliwekwa mezani. Ya kwanza ilitaka chama kilaani hukumu, ya pili ilitaka tuiunge mkono kwa maandamano. Nilizikataa zote mbili, na najua pande zote zilinikasirikia. Wengine hadi leo hawajaninyooshea mkono. Sababu yangu ni kwamba chama hiki kina katekista, kina maalim wa madrasa, kina wakunga, kina wanasheria, na hakikuanzishwa kuamua roho huingia lini. Maalim wetu alitueleza siku ile kwamba wanazuoni wengi huiweka siku ya 120 ya mimba, na kwamba hata hao hawakubaliani juu ya kinachoruhusiwa kabla yake. Katekista alisema kwake yeye ni tangu mwanzo, hakuna siku ya kuhesabu. Lakini nilipowauliza kama mgonjwa anayevuja damu atibiwe kwanza au aripotiwe kwanza, wote wawili walisema atibiwe. Hilo liko kwenye kumbukumbu za mkutano.

Juu ya jibu hilo kamati imeandika msimamo. Mwanachama ambaye dhamiri yake inakataa hatalazimishwa kushiriki, ila atamwelekeza mgonjwa kwa mhudumu mwingine, na katika dharura hana udhuru. Mwanachama yeyote, wa imani yoyote, hatawaita polisi kwa sababu ya alichoambiwa na mgonjwa au alichokiona kitandani. Hapa sitasalimu amri. Ukiwa hukubaliani na sheria, mwandikie mbunge wako. Yule aliyelala mbele yako hakuitunga. Tena tabibu mwenye leseni na ujuzi wa matatizo ya uzazi ametajwa kwa cheo katika Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha sita, pamoja na daktari, muuguzi na mkunga. Askari akikuambia tabibu si "mtaalamu aliyehitimu", mwonyeshe. Nakala ndogo ya kukunja tumeichapisha.

Kuhusu Bunge, nitakuwa mkweli: sina matumaini makubwa. Mswada wa afya ya uzazi uliofikishwa Seneti miaka iliyopita ulizikwa na kelele, na sioni mwanasiasa atakayelishika kaa hili mwanzo wa muhula. Hata hivyo barua ya chama kwa wabunge wa kaunti iko tayari. Haisemi wapige kura upande gani. Inawaomba waandike: nani anaruhusiwa, wapi, kwa utaratibu gani, na polisi wanaingia lini. Bila hayo kila OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, ataendelea kuwa na Katiba yake.

Wanachama waliojitoa mwaka huu, wa pande zote mbili, tumewaandikia kuwa nafasi zao zipo, na ada zao za 2022 hazitadaiwa.

Msimamo wa kamati mnao mikononi. Utapigiwa kura ya siri baada ya chai, na unahitaji thuluthi mbili. Usipopita, kamati nzima itajiuzulu na uchaguzi utafanyika leo hii hii. Sasa namkaribisha mhazini.