Mshono wa sare umenikataa, na sendofu imebaki wiki tano

Shikamoo Anti.

Barua za wenzangu nimezisoma miaka mingi, na majibu yako nimeyafanyia kazi hata pale aliyeuliza hakuwa mimi. Leo nimeona niandike mwenyewe, kwa sababu kila ninayemuuliza nyumbani ana upande wake katika jambo hili. Naomba unisikilize mpaka mwisho.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, umri miaka 41, nina mume na watoto watatu. Mdogo wangu wa mwisho anaolewa, na sendofu, sherehe ya kumuaga, ni Disemba, Dar es Salaam. Kwetu tumezaliwa wanawake watano, na huyu tulimlea kwa zamu baada ya mama kufariki. Mimi ndiye niliyekuwa namfunga mgongoni kwa kanga nikienda naye sokoni. Siku yake nataka nisimame mbele, nionekane, nimkabidhi zawadi kwa mkono wangu bila kuwaza nguo.

Kamati imeshachagua sare. Kitenge chenyewe ni kizuri, sina neno: bluu iliyokolea, na maua ya rangi ya chungwa, kila ua lina ukubwa wa kisosi. Kimenunuliwa Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, yadi 6 kwa kila dada, na hela yangu nimeshatoa. Shida ni mshono. Picha iliyotumwa kwenye kundi letu la WhatsApp ni ya dada mwenye umbo namba nane. Gauni limemshika kuanzia kifuani hadi magotini, halafu likafunguka chini kama mkia wa samaki. Mikono imevimba begani kama puto. Shingo imekatwa wazi kutoka bega hadi bega. Wadogo zangu wawili wana mwili huo, na bibi harusi mtarajiwa pia, kwa hiyo picha ilipotua tu wakajibu kwa vigelegele. Shangazi, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati, amesema sare ni sare, dada za bibi harusi hawawezi kupiga picha kila mmoja na mshono wake.

Sasa mwili wangu. Juzi binti yangu alinishikia futikamba tukapima vizuri, si kwa kukisia: kifua inchi 46, kiuno 42, nyonga 43. Kati ya kiuno na nyonga ni inchi moja tu. Mabega ni mapana, inchi 17 na nusu kutoka mfupa hadi mfupa. Tumbo limebaki mbele tangu nilipojifungua mtoto wa tatu kwa upasuaji. Chini sina kitu: nyonga zimenyooka, makalio ni bapa, miguu ni myembamba. Urefu wangu futi 5 na inchi 2. Yaani mzigo wote umekaa juu. Mwenye namba nane ana bonde kiunoni, na gauni la samaki linashuka kwenye bonde lile kisha linapanda kwenye nyonga. Kwangu gauni hilo halina pa kushuka wala pa kupanda.

Nalijua kwa sababu nimeshalivaa. Miaka mitatu iliyopita, kwenye harusi ya binamu yetu, sare ilikuwa mshono wa aina hiyo hiyo. Fundi alichukua vipimo vitatu, kifua, kiuno na nyonga, akaniambia, "Usijali mama, nitakutolea shepu." Hiyo shepu aliitafuta kwa kupunguza kitambaa. Kitenge ni pamba iliyofumwa, Anti, hakivutiki kama kitambaa cha taiti. Ukikipunguza mahali ambapo mwili haujapungua, lazima kiachie au kijikunje. Changu kilifanya yote mawili. Chini ya tumbo kilijikunja mikunjo mitatu ya kulala, na nyuma pale ambapo makalio yangepaswa kukijaza kikabaki kitupu, kinaning'inia. Ua kubwa lilikuwa limeangukia ziwa la kushoto peke yake. Magotini kilibana hata ngazi za ukumbi nilizipanda kwa ubavu, moja moja, nimeshika ukuta. Na tulipoitwa kulishwa keki zipu ya nyuma ikaachia. Mama mmoja nisiyemjua kabisa alivua kanga yake mabegani akanitandia mgongoni, akanifungia kifundo shingoni huku akiniambia polepole, "Tembea tu mwanangu, haionekani." Mpaka leo nikimkumbuka namwombea dua.

Albamu ya harusi ile ilipoletwa nilijitafuta. Katika kila picha ya ndugu niko nyuma ya mtu, kimeonekana kichwa na kilemba.

Lakini si kwamba mimi hakuna nguo inayonikubali. Hili nataka ulielewe vizuri, kwa sababu ndilo linalonipa moyo wa kuandika. Kuna gauni nililinunua kwenye mitumba hapa mjini, rangi ya zambarau iliyoiva, kitambaa laini kinachodondoka. Ni lile la kukunja mbele, upande mmoja unakuja juu ya mwingine kisha linafungwa ubavuni kwa kamba. Siku ya kwanza nilipolivaa shuleni, walimu watatu waliniuliza nimepungua kilo ngapi. Sikuwa nimepungua hata moja. Jioni nililivua nikaligeuza ndani nje juu ya kitanda, nikalitazama lilivyoshonwa. Mshono unaounganisha mkono na bega haukukaa kwenye ncha ya bega, umeingizwa ndani karibu inchi moja. Shingo ni ya V na imeshuka vya kutosha, ikigawa kifua pande mbili. Ule ukingo wa kukunja unateremka mshazari kutoka begani hadi ubavuni, unapita juu ya tumbo bila kusimama. Na kitambaa hakikubanwa kiunoni, kimeanzia kufunguka chini ya matiti na kuongezeka kadiri kinavyoshuka, mpaka magotini kimekuwa kipana kuliko mabega. Gauni lile limenipa chini ambayo sina. Nimelivaa mpaka limepauka makwapani.

Kitu cha pili nilikigundua bila kutafuta. Nilikuwa natoka kuoga, nimejifunga kanga chini ya kwapa, nikapita mbele ya kioo cha kabati. Kwa bahati siku hiyo nilikuwa nimeifunga vibaya, ule upande mfupi wenye pindo jeusi ukaangukia katikati ya mwili, kutoka kifuani hadi chini ya goti. Nikasimama. Jicho lilikuwa linafuata lile pindo kwenda chini, haliendi pembeni. Nikaigeuza kama inavyofungwa siku zote, pindo refu likazunguka kifua, nikaona mabega yamerudi pale pale. Nimeirudia mara nyingi, na kila mara nimeona vilevile.

Kwa hiyo nimeanza kuwaza: je, kitenge cha sare hakiwezi kukatwa hivyo? Katikati mbele kiwekwe kitenge chenye maua, na ubavuni, kutoka kwapani hadi chini, vipande vya kitambaa kitupu cha bluu ile ile. Sketi iwe ya mwavuli kidogo, si ya samaki. Kitambaa kinatosha, maana yadi 6 kwa gauni moja zinabaki hata za kilemba. Rangi itakuwa moja, maua yatakuwa yale yale, kwenye picha tutaonekana ndugu. Fundi wangu wa hapa, mama mtu mzima anayenishonea siku hizi, anasema inawezekana, na akanionya jambo ambalo yule wa kwanza hakuwahi kulitaja: maua yapangwe kitambaa kikiwa mezani kabla mkasi haujagusa kitu, ili ua lisiangukie juu ya ziwa wala katikati ya tumbo. Tena alinipima sehemu 11, nikiwa nimevaa sidiria nitakayoivaa siku hiyo, akanipima na nimekaa.

Nilipompelekea shangazi wazo hilo kwa simu, alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Wewe ndiye mkubwa, ukianza wewe kujitenga wadogo watakuja na yao." Sikumjibu. Shangazi amebeba shughuli hii mabegani tangu Agosti, michango anaifuatilia yeye, ukumbi kautafuta yeye, na mimi sitaki kuwa mtu wa kumwongezea kazi. Wadogo zangu nao wana ushauri wao. Mmoja anasema nivae mkanda wa kubana tumbo. Nimeshaujaribu: tumbo linapanda juu linatokeza chini ya matiti, unabana pale pale kwenye kovu, na kwa joto la Dar mwezi wa Disemba sidhani kama nitafika saa nne usiku nikiwa hai. Mwingine anataka ninunue taiti yenye sponji za kuongeza nyonga, anasema zimejaa Kariakoo na hakuna atakayejua. Simlaumu, amesema kwa upendo. Lakini nitakaa nazo vipi kwenye kiti, nitacheza nazo vipi mdogo wangu akiingia? Mwalimu mwenzangu wa Tanga akaniambia kwao shughuli nyingi sare ni dera, mnene na mwembamba wote wanaingia na hakuna anayelia. Hilo nililipenda, nikalipeleka kwenye kundi, nikajibiwa dera ni la nyumbani.

Mume wangu anasema nimekuza jambo, nguo ni ya masaa sita. Pengine ana haki. Ila kuna kitu hakukiona.

Siku ile tunapima, binti yangu alikuwa ananisomea namba naye anaziandika nyuma ya daftari lake. Ana miaka 12. Alipomaliza mabega akasimama mbele ya kioo, akanyoosha futikamba mgongoni kwake kwa shida, akaniuliza, "Mama, na mimi nitakuwa na mabega kama yako?" Anti, ameshakuwa nayo. Ukimtazama kwa nyuma akiwa na sare ya shule unaniona mimi wa darasa la sita. Nikamwambia ndiyo, ya kwako yatakuwa kama yangu na ya bibi yako. Akauliza tena, "Sasa tutashonewa nini?" Alisema tutashonewa, sisi wawili, maana naye yumo kwenye sare za watoto. Nilikunja futikamba nikaenda jikoni, sikuwa na jibu.

Ndipo usiku ule nikaamua kukuandikia. Ninayokuomba ni haya.

Kwanza, unaonaje wazo langu la vipande vya ubavuni? Naogopa jambo moja: katikati kukiwa na maua makubwa na pembeni kutupu, je, jicho halitaishia tumboni? Au ni heri maua yote yawe kwenye sketi, na juu pawe kitambaa kitupu na shingo ya V, ili macho yashuke kule ambako mimi ni mwembamba? Fundi anasema la kwanza, mimi moyo unanivuta la pili, na hatujapata wa kutuamulia. Pia kitenge hiki ni kigumu, hakidondoki kama lile gauni la mtumba. Wapo wanaoniambia nikiloweke nikifue kabla ya kukata kiwe laini na kama ni cha kurudi kirudi mapema, wengine wanasema nitaua mng'ao na nitatofautiana na wenzangu. Kwako nani yuko sahihi?

Pili, mikono. Najua ya puto siwezi, kwa mabega haya itakuwa kama nimebeba mito. Nifikirie mkono ulionyooka unaoishia kwenye kiwiko, au uliofunguka chini kama kengele? Wa kengele naupenda, ila naona unaishia usawa wa tumbo na huenda ukanipanua palepale.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, nimwambieje shangazi? Sitaki kwenda kinyume chake kimyakimya nikamshtukiza ukumbini. Sitaki pia nivae lile gauni la samaki nijifiche nyuma ya watu kwa mara ya pili, mdogo wangu akitafuta uso wangu asiuone. Kuna wakati nawaza nifunge safari niende Dar nikiwa nimevaa lile gauni la zambarau, nikae naye uso kwa uso, nimwonyeshe kwa macho yake badala ya kubishana kwa simu. Halafu nawaza atasema nimekuja kumsumbua. Wewe unayewajua mashangazi wa kila aina, ungeanzia wapi?

Kitambaa kipo hapa, kimekunjwa juu ya cherehani ya fundi. Amenipa mpaka Jumatatu ijayo, kwa sababu ana sare nyingine 14 za kanisani kabla ya Krismasi, na akishaanza hizo hatagusa yangu. Nimemwomba asikate chochote kwanza. Ukiweza kunijibu kabla ya siku hiyo nitashukuru sana.

Ni mimi msomaji wako,
Mama wa watatu, Morogoro